Kompresa Inayogoma Wenzake Wakiwa Kazini: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mtambo wa Amonia

Kiwanda ninachokizungumzia kiko kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, na kazi yake ni kutengeneza barafu za matofali na kuhifadhi samaki, hasa sangara, kabla hawajasafirishwa. Ubaridi wake wote unatoka kwenye mtambo mmoja wa amonia wenye kompresa tatu za pistoni, ambazo zinafyonza gesi kutoka bomba kuu moja na kuisukumia kwenye bomba kuu jingine linaloelekea kwenye kondensa ya maji na feni, ambako gesi inapozwa iwe kimiminika. Kila kompresa ina silinda sita, na inazungushwa na mota ya kilowati 110 iliyounganishwa nayo moja kwa moja kwa kapulingi. Niliitwa kwa ajili ya Namba 2.

Malalamiko yalikuwa mafupi: Namba 2 haiwaki. Nilipouliza tangu lini, nikaambiwa ni zaidi ya miezi mitatu. Nilipouliza inagoma vipi, kila mtu alikuwa na jibu lake, na tofauti ya majibu hayo ilinionyesha kwamba hakuna aliyekuwa akisimama karibu na mashine yenyewe wakati wa kuiwasha. Wote walikuwa wakiitazama kutoka kwenye kabati la umeme, kwa kuwa huko ndiko kilipo kitufe. Mota hii inawashwa kwa mfumo wa sta-delta. Sekunde chache za mwanzo nyaya zake zinaunganishwa sta, ambapo inavuta theluthi tu ya mkondo ambao ingeuvuta katika delta, kisha kipima muda kinabadilisha kontakta, yaani swichi kubwa za umeme, na mota inaingia delta ikiwa imekwisha kushika kasi. Namba 2 ilikuwa ikinguruma kwenye sta, ikipanda kwa kujivuta, na mara kontakta zinapobadilika, taa za chumba zinafifia na breka inaruka.

Fundi umeme wa kiwanda hakuwa amekaa bure. Alikwisha kubadilisha kontakta zote tatu, akakaza viungo vya nyaya, akapima insulesheni ya mota na kuikuta nzima. Kwa kuona kwamba mota inaingia delta kabla haijashika kasi, aliongeza muda wa sta kutoka sekunde 8 hadi 14. Hilo lilihamisha tu mahali pa kukatikia, kwa sababu sasa rilei ya ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikielemewa, ndiyo iliyokata, mota ikiwa bado kwenye sta. Hapo akafanya jambo ambalo ningependa lisifanywe na fundi yeyote bila kibali cha maandishi: aliipandisha ovalodi kutoka ampea 113 hadi 135. Mota ya ukubwa huu inavuta takriban ampea 195 kwenye laini, na rilei iliyofungwa kwenye mguu wa delta inaona asilimia 58 ya hizo, yaani 113. Kwa hiyo namba ya kwanza ndiyo iliyokuwa sahihi, na ile ya pili iliacha koili za mota bila mlinzi. Asubuhi niliyofika walikuwa wamejaribu mara nne ndani ya nusu saa, na mwili wa mota haukushikika.

Hata hivyo dhana yake haikuwa ya kubahatisha, na ilikuwa na ushahidi mmoja wenye nguvu. Umeme ukikatika na kiwanda chote kikasimama kwa muda, unaporudi Namba 2 inawaka bila matata, ilimradi iwe ya kwanza kuwashwa. Namba 1 na Namba 3 zikitangulia, Namba 2 inagoma. Kwa fundi umeme maana yake ilikuwa dhahiri: mashine mbili zilizotangulia zinashusha volti, na ya tatu inakosa nguvu. Nilipima mwenyewe. Bila kompresa hata moja kufanya kazi, kulikuwa na volti 396; mbili zikiwa kazini, 371; na sekunde ambayo Namba 2 inajaribu kuondoka, 348. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hii inafuata mraba wa volti, kwa hiyo kwa volti 348 badala ya 400 inabaki asilimia 76. Kwa mujibu wa karatasi ya mota, nguvu yake ya kuondokea katika delta ni mara 2.1 ya nguvu yake ya kawaida. Katika sta inakuwa theluthi ya hiyo, yaani 0.7, na baada ya kuondoa hasara ya volti inabaki kama 0.53. Katikati ya kasi nguvu hiyo inazama kidogo zaidi kabla ya kupanda tena. Uongozi ulikuwa umeshaomba bei ya kiwashi laini cha kielektroniki, na barua ilikuwa mezani ikisubiri saini.

Nilimkubalia fundi umeme hesabu yake yote isipokuwa hitimisho. Nusu ya nguvu ya kawaida ni kidogo kwa mashine iliyobeba mzigo, lakini ni nyingi kwa kompresa inayoondoka ikiwa tupu, na kompresa ya pistoni imeundwa iondoke tupu. Tena, Namba 1 na Namba 3 zinapokuwa kazini hazishushi volti peke yake. Zinajaza pia presha kwenye bomba kuu la kutolea. Vitu viwili vilikuwa vikibadilika kwa wakati mmoja, na kwa miezi mitatu watu walikuwa wamepima kimoja tu.

Hapa inafaa kueleza jinsi mashine hii inavyopunguziwa mzigo, maana ndipo ubishi wote ulipolala. Silinda nne kati ya sita zina vipunguza mzigo vinavyoendeshwa kwa presha ya oili: mashine ikisimama oili haina presha, pini zinainua sahani za vali za kufyonza, na pistoni zinapanda na kushuka bila kubana chochote. Silinda mbili za mwisho hazina kifaa hicho na zinabana tangu mzunguko wa kwanza. Kwa ajili ya hizo mbili kuna bomba dogo la mchepuko linalotoka upande wa kutolea wa kompresa na kurudi upande wa kufyonza, lenye vali ya solenoidi, yaani inayoendeshwa kwa umeme, inayobaki wazi mashine ikiwa imesimama na kufunga baada ya mota kuingia delta. Mchepuko huo unasawazisha presha ya pande mbili ili silinda hizo zisiwe na kitu cha kusukuma. Lakini unaweza kufanya kazi hiyo kwa sharti moja: vali ya njia moja iliyoko mbele, kati ya kompresa na bomba kuu la kutolea, iwe inafunga kabisa. Isipofunga, mchepuko hausawazishi presha ya kompresa moja bali unajaribu kusawazisha kondensa nzima, na hilo haliwezekani.

Basi nikaacha kabati la umeme nikaenda kusimama mbele ya mashine iliyolala. Geji ya kufyonza ilisoma bar 1.6, sawa na bomba kuu la kufyonza. Geji ya kutolea, ile iliyofungwa kwenye kompresa kabla ya vali ya njia moja, ilisoma 10.4, sawasawa na ya bomba kuu la kutolea. Kompresa ilikuwa imesimama tangu saa tano usiku, na sasa ilikuwa saa moja asubuhi. Mashine iliyolala saa nane haina sababu ya kubeba bar 10.4 kichwani, ila kama kuna mahali inapoletewa. Kabla ya kuishtaki vali niliishuku geji, nikaifungua na kuweka ya kwangu, ya chuma, kwa kuwa shaba na amonia havikai pamoja. Ilisoma 10.3.

Niseme jambo moja dogo kwa wanaofanya kazi kandokando ya ziwa hili. Maji yake yako mita 1134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina mgandamizo wa kama bar 0.88, si 1.01. Geji inasoma presha iliyozidi ile ya hewa tu, kwa hiyo 10.4 ya geji ni kama 11.3 kamili, ambayo kwa amonia ni kugeuka kwa gesi kuwa kimiminika kwenye nyuzi 29, na 1.6 ni kama 2.5, yaani nyuzi 14 chini ya sifuri. Anayesoma jedwali kwa kujumlisha 1 kila mara hakosei sana upande wa juu, lakini upande wa chini anajidanganya kwa nyuzi nzima au zaidi. Uwiano wa pande mbili hapa ulikuwa 4.5, na silinda mbili zilikuwa zikitakiwa kuushinda tangu mzunguko wa kwanza.

Tulikata umeme, tukafunga kabati kwa kufuli na ufunguo nikauweka mfukoni, kisha nikaingiza wenzo kwenye kapulingi na kuzungusha shafti kwa mkono pamoja na kijana wa zamu. Ilizunguka laini, ikakaza, ikakaza zaidi, halafu ikaachia ghafla kama mtu aliyekubali. Nusu mzunguko mbele, ikakaza tena. Mara mbili kila mzunguko. Bearingi mbovu haikazi mara mbili kwa mpangilio kisha ikaachia. Inakwaruza, au inagoma muda wote. Zile zilikuwa silinda mbili zisizo na vipunguza mzigo, zikibana gesi dhidi ya bar 10.4, na mikono yetu ilikuwa imeziona kabla hatujafungua boliti hata moja. Baadaye tulitenganisha kapulingi na kuiwasha mota peke yake, Namba 1 na 3 zikiwa kazini, volti zikiwa zilezile 371: ilifika kasi kamili chini ya sekunde tatu.

Swali likabaki: kama mchepuko upo na solenoidi iko wazi, kwa nini geji ya kufyonza haikuonyesha kwamba gesi inapita? Kama vali ya njia moja inavuja na mchepuko uko wazi, gesi ya moto ingepaswa kuvuma usiku kucha kuelekea upande wa kufyonza. Nilifuata bomba la mchepuko kwa kidole. Lilikuwa na joto la chumba tu. Kabla ya solenoidi kuna vali ndogo ya mkono yenye kofia, na kofia yake ilikuwa imepakwa rangi pamoja na bomba. Niliifungua, nikajaribu mhimili kwa spana. Ilikuwa imefungwa hadi mwisho.

Niliomba daftari la zamu. Kurasa za miezi minne nyuma, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa ikiishiwa wino, kulikuwa na mstari mmoja: “K2 mchepuko unapitisha gesi, nimefunga.” Hakukuwa na maelezo mengine. Siku tisa baada ya mstari huo ndipo neno “imegoma” linapoonekana kwa mara ya kwanza, na katikati yake daftari linaonyesha kwamba Namba 2 haikuwashwa hata mara moja, kwa kuwa samaki walikuwa wachache. Aliyeandika bado alikuwa kazini, mzee wa zamu ya usiku ambaye ameuhudumia mtambo huo tangu ulipofungwa. Nilimwamkia na kumwuliza bila kumlaumu. Akasema, “Mwanangu, bomba lilikuwa linachoma, na Namba 1 ilikuwa inalia. Nikaona gesi inarudi bure.” Alikuwa ameona sawasawa. Gesi ilikuwa inarudi kweli, presha ya kufyonza ilikuwa inapanda kweli, na kuziba njia hiyo kuliondoa kelele usiku uleule. Alichokiziba kilikuwa dalili ya vali mbovu iliyo mbele yake, na kwa kukiziba aliinyima mashine njia pekee ya kutua mzigo.

Ilibaki kuthibitisha, maana mpaka hapo vali ya njia moja ilikuwa inashukiwa tu. Nilifungua vali ya mkono ya mchepuko taratibu. Geji ya kutolea ya Namba 2 ilishuka kutoka 10.4 hadi 7.9 ikasimama hapo, bomba la mchepuko likapata moto ndani ya dakika moja kiasi cha kutoshikika, geji ya kufyonza ikapanda hadi 1.9, na sauti ya Namba 1 ikawa nzito, kama mzee alivyosimulia. Niliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa vali ya njia moja na mpini wake sikioni: kulikuwa na mvumo mwembamba usiokatika. Kisha, mashine ikiwa bado imefungwa kwa kufuli, nikafunga vali ya mkono iliyoko mbele yake upande wa bomba kuu. Mvumo ukanyamaza, na geji ikateremka mpaka kulingana na ya kufyonza kwa muda wa sekunde 40 hivi. Tulipozungusha shafti tena, haikukaza mahali popote.

Fundi mmoja alipendekeza tuiwashe hivyohivyo, vali ya mbele ikiwa imefungwa, kisha mtu aifungue mashine ikishika kasi. Alisema mafundi wa zamani walifanya hivyo. Ni kweli mitambo mingine ya kale iliwashwa kwa mikono namna hiyo. Mimi nilikataa, kwa sababu kompresa ya pistoni haijui kuacha kusukuma, na mchepuko ukifunga sekunde tano kabla ya mkono wa mtu kufungua vali, kinachobaki kati ya chumba cha watu na amonia ni vali ya usalama na gasketi ya kichwa cha silinda.

Katika ukaguzi huo nilikuta pia kwamba hita ya oili ya Namba 2 imekufa. Ni kasoro halisi, na ningekuwa na haraka ningeitangaza kuwa ndiyo chanzo, kwa kuwa oili ya baridi ni nzito na mashine hii ilikuwa ikigoma asubuhi. Lakini daftari lilionyesha imegoma pia mchana, dakika kumi baada ya kusimamishwa, oili ikiwa bado ya moto. Hita ilibadilishwa kwa sababu ilistahili kubadilishwa. Solenoidi za vipunguza mzigo nilizijaribu moja moja. Zilikuwa zinasubiri delta kama zinavyotakiwa. Kuhusu kiwashi laini nilimwambia meneja waziwazi kwamba kinafanya kazi kwa kupunguza volti, na volti pungufu ni nguvu pungufu. Kingegharimu pesa nyingi na kuifanya mashine igome kwa upole zaidi.

Vali ilifunguliwa siku ya pili. Tulifunga pande zote mbili, tukaiachia sehemu hiyo isawazike na upande wa kufyonza kupitia mchepuko, kisha mabaki tukayatoa kwa mpira uliozamishwa kwenye pipa la maji, kwa kuwa amonia inapenda maji kuliko kitu chochote. Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuutazama mpira huo tu, kwani presha ikiisha mpira ukaachwa ndani ya pipa, maji hunyonywa kurudi kwenye bomba. Feni za chumba zilikuwa zinazunguka, wawili wetu tukiwa na barakoa za uso mzima, na kipimo cha gesi kikiwa mlangoni. Kiwango cha sehemu 300 kwa milioni kinahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha, wakati pua inaisikia amonia mapema zaidi ya hapo, na ndiyo maana watu waliozoea harufu hiyo ndio ninaowahofia zaidi. Kipimo hakikuvuka 20.

Ndani ya vali kulikuwa na jibu la ukubwa wa punje ya mchele. Kipande cheusi cha kaa la kuchomelea kilikuwa kimekwama kwenye kiti cha vali, na diski, kwa kugonga juu yake maelfu ya mara, ilikuwa imejichonga ufa mwembamba kutoka ukingoni kuelekea ndani. Pembeni kulikuwa na utando wa oili iliyoungua, na springi ilikuwa imepoteza urefu. Niliuliza kama kuna uchomeleaji uliofanyika, nikaambiwa mwaka uliotangulia bomba kuu la kutolea lilikatwa na kuunganishwa upya kondensa ilipobadilishwa. Bomba halikupulizwa vya kutosha kabla ya kurudishiwa gesi. Kiti kilisuguliwa hadi alama ya wino ikatoka duara kamili, na diski na springi zikawekwa mpya.

Kabla ya kuwasha nilirudisha ovalodi kwenye 113 kwa mkono wangu, mbele ya fundi umeme, ambaye hakupinga. Namba 1 na 3 zilikuwa kazini, volti 372, bomba kuu bar 10.6. Geji ya kutolea ya Namba 2 ilikuwa inalingana na ya kufyonza. Kipima mizunguko, ambacho siku iliyotangulia kilikuwa kimekwama kwenye 870 mpaka ovalodi ikakata, sasa kilipita 1400 katika sekunde ya nne, mota ikiwa bado sta. Kontakta zilibadilika na taa hazikufifia. Tulipunguza muda wa sta hadi sekunde 6, tukaisimamisha na kuiwasha tena mchana, kisha jioni, tukiipa mota nafasi ya kupoa katikati. Vali ya mkono ya mchepuko ilifungwa kibao cha bati chenye maneno “HUWA WAZI”, na mzee wa zamu akaomba mstari mpya uongezwe kwenye fomu ya kila usiku: presha ya kutolea ya kila kompresa iliyosimama, dakika tano baada ya kusimama.

Fomu hiyo ilianza kutumika usiku uleule. Namba 2 ilishuka hadi 1.6 kabla dakika moja haijaisha. Namba 1 vilevile. Namba 3, ambayo haikuwahi kulalamikiwa na mtu, ilikuwa bado kwenye 4.8 dakika tano zilipotimia, na bomba lake la mchepuko lilikuwa na uvuguvugu. Tuliagiza diski ya pili na springi yake, na ikapangwa kufunguliwa Jumapili.